Neno Modesti na Uso wa Baba

Hospitali ya misheni, Mafinga
Mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Ndaga, kama tunavyosalimiana kwetu, na pole tena kwa msiba, ingawa najua pole zangu umeshaletewa na mwanao kwa mdomo wake. Mguu unaokusumbua wakati wa baridi unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na migomba ya nyuma ya jiko, ile iliyolazwa na upepo, mmeiegemeza au mmeikata? Nauliza mengi kwa sababu nikifumba macho nauona uwanja wenu wote, kuanzia jikoni mpaka zizini, na sasa naambiwa nisiukanyage.

Sisi huku kwa mwili hatujambo. Lusajo ameota meno mapya ya mbele na anamwonyesha kila anayepita. Mdogo wake ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Baridi ya mwezi huu ni ya kupasua midomo. Asubuhi nyasi za hospitali zinakuwa nyeupe, na wagonjwa wenye nguvu wanagombania ukuta unaopigwa na jua. Sabuni imeadimika tena dukani, lakini hilo si la kukusumbua wewe.

Wifi Subilaga, wewe unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu sana. Nakuomba kitu kimoja. Kuna mahali humu nimeandika habari za mwili wa baba yako, na pembeni mwa mistari hiyo nimechora msalaba. Ukifika hapo, mpe Mama karatasi ajisomee mwenyewe polepole. Najua elimu ya watu wazima imeshamfikisha hapo, na kama bado, basi afike leo. Sikufichi, wifi yangu. Nakustahi tu.

Mama, nimeandika kwa sababu ya maneno aliyorudi nayo Baba Lusajo kutoka mazishini. Hakutaka kuniambia. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto, akaziuliza tena, nikajua ana jambo. Mwishowe akasema kwamba Shangazi, dada yake Baba, alisimama mbele ya ndugu wote akasema mkwe wa nyumba hii amemtazama baba mkwe wake usoni, amesema naye, amemshika mwili, na ndiyo sababu mzee amekufa. Kwa hiyo nisije uwanjani kwenu wala kaburini. Nikamwuliza mume wangu, na Mama alisema nini? Akanijibu kwamba hukusema kitu, ulikuwa umeinama unachambua maharage. Maneno ya Shangazi yameniumiza, Mama, lakini kimya chako kimeniumiza zaidi. Nataka usikie kwangu jinsi ilivyokuwa, kisha useme wewe. Ukisema nisije, sitakuja.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilipoletwa kwenu nikiwa bado mwali, uliniketisha jikoni ukaniambia njia zote za uwanja ule: ipi ni yangu, ipi ni ya Baba, na nikisikia anakohoa niingie wapi. Uliniambia jina lake nisilitaje, na neno lolote linalofanana nalo nitafute la kuweka badala yake. Siku hizi Wakristo wengine wamelegeza, wanapeana mikono na wakwe zao mlangoni mwa kanisa. Baba hakulegeza. Alikaa benchi la mbele upande wa wanaume, mimi nikakaa nyuma kabisa upande wa wanawake, na ibada ikiisha unanishika mkono tunatokea mlango wa pembeni.

Sikuuona kuwa mzigo, Mama, na sitaki mtu yeyote akwambie kwamba kusoma kumenifanya nione hivyo. Baba alikohoa akiwa bado kwenye kona ya mibuni ili nipate nafasi ya kutosha kujificha bila kukimbia. Unakumbuka ile siku ya mvua kubwa ya masika? Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na mtoto mchanga, mlango ni mmoja, yeye akafika uwanjani. Alikohoa, akangoja, akaelewa kwamba sina pa kutokea. Akasimama chini ya ile mvua mpaka wewe uliporudi kutoka shambani ukanifunika kwa kanga yako tukatoka. Alipata homa ya wiki nzima. Wewe ulimgombeza usiku ule nikisikia, ukamwambia angeingia tu afumbe macho. Yeye akajibu kwamba yeye angefumba, lakini mimi ningeona haya. Aliloa ili nisione haya.

Sasa nikwambie neno moja la Kiingereza, maana limeingia katika kifo hiki na siwezi kuliruka.

Nilipoanza mafunzo ya uuguzi hapa, Sista Mkuu, yule Mzungu mrefu niliyewahi kukuandikia habari zake, alitufundisha neno modesti. Nimeliandika kama linavyotamkwa ili Subilaga asikwame. Alisema kila mgonjwa ana modesti yake, na kabla hujagusa shuka lake lazima uvute pazia, ufunue mahali panapohitajika tu, kisha ufunike tena. Akatuuliza kwa Kiswahili tunaliitaje. Darasa likawa soko. Mmoja akasema haya, mwingine staha, mwingine aibu, na Rehema, Mhehe niliyekaa naye dawati moja, akasema unyenyekevu kwa sababu ndilo alilozoea kusikia kanisani. Sista akayakubali yote na hakuandika hata moja ubaoni. Alisema aibu huja mtu akishakosea, lakini modesti huja kabla, ili asikosee. Nilipapenda sana hapo. Nikawaza, kumbe hata Wazungu wana kukohoa kwao.

Baada ya hapo nikawa nalisikia kila mahali. Gauni likishuka chini ya magoti, Sista analisifu kwa neno hilo. Rehema alipoongoza mtihani akasema amebahatisha tu, Sista akasema huyo ndiye msichana mwenye modesti. Krismasi tulipopewa chai na mkate mkavu, ile nayo ikaitwa karamu ya modesti. Hata nyumba ya daktari, yenye vyumba vingi na bomba ndani, nilimsikia akimwambia mgeni kuwa ni nyumba ya modesti. Nikacheka moyoni, nikajiuliza nyumba yetu ya mabanzi ingepewa neno gani. Lakini nililichukua nikaliweka pamoja na lile la kwetu, ukutila, kule kumwogopa mtu kwa sababu unamheshimu. Niliona yanakaa pamoja bila kugombana.

Baba alipokuja huku alikuja kwa ajili ya mbao za kupaulia ile nyumba mpya. Kwetu hakuweza kulala, chumba ni kimoja na mimi nimo, kwa hiyo Baba Lusajo akamwombea malazi kwa jirani yetu Mgaya, Mbena, mlinzi wa kiwanda cha mbao. Nilipika, Lusajo akampelekea babu yake. Vyombo vilirudi vitupu nami nikafurahi. Jioni nilimsikia akikohoa anapopita nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna hata mibuni, nikaingia ndani nikitabasamu peke yangu.

Ile siku mwanao alikuwa ameondoka na lori la mbao kwenda Dar es Salaam. Baba akaenda mwenyewe kiwandani kupanga mbao zake, na unamjua alivyo, hakusubiri vijana. Alinyanyua boriti. Mgaya anasema aliishusha taratibu, akakaa juu yake, akasema anapumzika. Akarudi akalala, hakula. Kesho yake asubuhi Mgaya akamkuta amejikunja, akaomba trekta ya msituni, wakamleta hospitali.

Mimi nilikuwa zamu katika wodi ya wanaume. Machela ilipoingia niliona nyayo kwanza. Mama, miaka yote ile nimejua nyayo za Baba kuliko kitu kingine chochote chake, ule ukucha wa kidole gumba uliopasuka katikati. Nikageuka nikautazama ukuta. Karani akaniuliza, mbona umeganda, unamfahamu mgonjwa? Nikasema ni baba wa mume wangu. Jina lake nani? Nikanyamaza. Akauliza tena kwa sauti ya juu, watu wanasikia. Ningewezaje kulitaja? Akasema kwa kejeli kwamba wasomi wa siku hizi hata jina la mkwe hawalijui. Ikabidi Mgaya alitaje yeye.

Nilikwenda kwa Sista Mkuu nikamwomba anihamishie wodi ya watoto. Nilimweleza sababu. Akasema haya, nenda. Ni mtu mwelewa, sitaki umfikirie vibaya. Lakini kabla sijamaliza kumfunga mtoto wa kwanza kidonda, nikaitwa. Baba Kiswahili chake ni kile cha mnadani, unakijua, na maumivu yalikuwa yamemnyang'anya hata hicho. Alikuwa anasema Kinyakyusa tupu, na hospitali nzima siku ile hakuna anayekijua ila mimi. Sista akasema tutavuta pazia, wewe utasimama upande wa pili. Ni pazia la kitambaa cha kijani, lina fremu ya chuma na magurudumu. Nikasimama nyuma yake, nikainamisha kichwa.

Daktari akauliza maumivu yalianzia wapi. Sikuweza kusema na Baba, kwa hiyo nikasema na pazia. "Pazia, daktari anauliza maumivu yameanzia wapi."

 Nadhani alishtuka kusikia sauti yangu karibu hivyo. Kisha akaelewa, akajibu upande wake, "Pazia, mwambie daktari ni tumbo tu. Ni ugali wa ulezi wa kwa Mgaya."

Mzee wa kitanda cha jirani, Mhehe, akacheka. "Jamani, huyu baba anaongea na kitambaa," akasema. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Tuliendelea hivyo, daktari na Kiingereza chake, mimi na Baba na pazia letu, na nikaona tunaweza.

Hapa ndipo penye msalaba. Subilaga, mpe Mama.

Mama, daktari aliniambia nimwulize Baba kama ana uvimbe kinenani. Lilikuwa swali la kawaida kwa kazi yetu, nimeshawauliza wanaume wengi bila kupepesa macho. Siku ile ulimi ulikataa. Ningemwambiaje baba mkwe wangu neno lile, hata kwa kupitia pazia? Nikauliza hivi: "Pazia, daktari anauliza kama kuna mahali pengine panapouma." Akajibu, "Hakuna pengine." Daktari akataka kushusha blanketi, Baba akalikamata kwa mikono miwili. Akasema, "Pazia, mwambie daktari angoje mwanangu arudi na lori." Nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari hakumlazimisha. Alimwekea maji ya mshipa na dawa ya tumbo, akasema tutamwangalia.

Kesho yake asubuhi alianza kutapika, na harufu yake haikuwa ya matapishi ya kawaida. Muuguzi yeyote akisikia harufu ile anajua utumbo umeziba. Nikiwa nimesimama nyuma ya pazia nikakumbuka siku tuliyokuwa tunapalilia maharage, mimi na wewe, ukaniambia kwa kucheka kwamba Baba anajifunga kitambaa kiunoni tangu enzi za kubeba magunia ya kahawa, na hataki hata wewe ukifue. Ndipo ikanijia. Jina lake naliandika mara hii tu: ngiri. Ilikuwa imemkaba tangu aliponyanyua boriti, na alikuwa ameificha chini ya blanketi, akimngojea mwanawe wa kiume ili amwambie yeye.

Nililivuta pazia kwa mkono wangu. Hakuna aliyeniamuru. Nikamtazama Baba usoni, nikauliza kwa neno lenyewe, ambalo hapa silirudii, "Baba, ni hiyo?"

Alinitazama. Nilidhani atageukia ukutani. Hakugeuka. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Tangu juzi." Na mikono yake ikaachia blanketi.

Nikamwambia daktari, kisha nikageuka nikatoka ili wamwangalie bila mimi. Msalaba unaishia hapa.

Walipokuwa wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, alinyoosha kidole akaonyesha machela isimame. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sijui niweke wapi uso wangu. Alinitazama tena, taratibu safari hii. Midomo ilikuwa imekauka. Akasema, "Kumbe macho ya Lusajo ameyatoa kwako. Siku zote nilikuwa najiuliza yule mtoto ameyatoa wapi."

Mama, mimi ni mke wa mwanawe, nimemzalia wajukuu wawili, nimekula ndizi za shamba lake, na siku ile ndiyo aliyoniona.

Daktari alifanya kila alichoweza. Lakini sehemu ya utumbo ilikuwa imeshaoza kwa kukosa damu, na sumu imeshaenea. Nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi. Sista Mkuu alipotoka alikuwa anavua glavu, akamwambia daktari kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kilichomuua mtu huyu ni modesti. Hakujua kwamba nasikia. Alipoigeuza shingo yake akaniona, akaja akakaa karibu nami, na mtu yule kwa kawaida hakai. Akasema Baba hajafa bado, hakupaswa kusema vile. Akaniuliza neno hilo kwetu tunaliitaje. Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, akalitamka vibaya. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Ni neno zuri. Pole sana."

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Shangazi anasema Baba amekufa kwa sababu heshima ilivunjwa. Sista anasema amekufa kwa sababu ilishikwa mno. Wote wawili wananiumiza, na kuna saa namwamini huyu na saa namwamini yule. Ninapofua mashuka najiambia kwamba kama ningesema lile neno siku ya kwanza, leo Baba angekuwa anapaua nyumba yake. Halafu nakumbuka kwamba mimi niliyeshindwa kulisema ni yule yule aliyemsimamisha kwenye mvua, na wakati ule wote mlinisifu. Sijui, Mama. Nimechoka kujiuliza.

Aliishi siku chache baada ya upasuaji, na siku hizo nilimuuguza waziwazi. Shangazi amesema nimemwona utupu wake. Hilo si kweli, na naomba alisikie kwako. Kidonda na kila kilichokuwa chini ya shuka vilishughulikiwa na muuguzi wa kiume, na pazia lilivutwa mimi nikiwa nje. Mimi nilimwosha uso, mikono na nyayo. Nilimlisha uji kwa kijiko. Mara ya kwanza tulipata taabu sote, hakujua aangalie wapi anapofungua mdomo, nami nikamwagia uji kwenye ndevu. Akasema, "Tungekuwa na lile pazia tungelilisha lenyewe." Ndilo neno la utani pekee nililowahi kusikia kutoka kwake likiwa langu.

Siku moja kabla hajafa aliniita. Homa ilikuwa imempanda lakini akili ilikuwa yake. Alisema, "Kule nyumbani watakusema. Waambie ni mimi niliyeagiza pazia lifunguliwe. Waambie mzee aliamuru, wewe ukatii." Nikamwambia, Baba, lakini si wewe. Akasema najua si mimi, waambie hivyo hivyo. Aliponiona nalia akafumba macho, ili nilie bila kuonwa.

Mama, ningeweza kuutumia uongo ule. Ningemwambia mume wangu, naye angeusema mbele ya Shangazi, na nani angebishana na agizo la marehemu? Nilikaa nao wiki hizi zote. Lakini nikiona ile mvua, nikimwona amesimama pale analoa kwa ajili yangu, sioni kwamba ni haki aloe tena akiwa kaburini. Pazia nililifungua mimi. Nililifungua kwa sababu nilitaka apone. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na kama kuna la kulipwa au la kutakaswa, nitalibeba mimi.

Alikufa asubuhi, jua likiwa limeshafika kwenye ukuta wa nje. Nilikuwa nimeshika nyayo zake, zilikuwa baridi. Mwanao alifika saa chache baadaye, vumbi la safari likiwa bado kichwani, na hakumkuta. Hilo nalo linamla, usimwone anakaa kimya. Walipompandisha Baba kwenye lori la kiwanda kuja huko, pamoja na zile mbao zake, mimi niliambiwa nibaki na watoto mpaka wazee watakaposema. Nikabaki. Nililiangalia lori mpaka likaingia kwenye msitu wa misindano, kisha nikarudi zamu, maana wagonjwa walikuwepo.

Sasa nimesema yote. Naomba tu jibu lako, hata liwe fupi. Kama ni kutakaswa, niambieni cha kuleta nami nitakileta. Kama ni kukaa mbali mpaka mwaka uishe, nitakaa. Lakini kama wewe, uliyeniketisha jikoni ukanionyesha njia, unaamini nilimdharau Baba, basi niandikie neno hilo kwa mkono wako mwenyewe, nisilipate kwa mdomo wa mtu.

Nisalimie Babu mdogo anayelala nyumba ya juu, na mkewe aliyenitengenezea mkeka. Nisalimie mama mchungaji na akina mama wa kwaya. Subilaga, kazana na shule, nitakutafutia kalamu. Na Shangazi msalimieni pia. Amempoteza kaka yake, na hasira yake naielewa. Baba Lusajo anawasalimu wote. Ameanza kula tena, ingawa kidogo.

Kuna jambo moja la mwisho, Mama, na hili halina uhusiano na kosa wala hukumu. Nimeuona uso wa Baba kwa siku chache tu, na siku zote hizo ulikuwa uso wa mtu anayeumwa. Wa uzimani siujui. Sasa Lusajo, tangu aote haya meno, ana namna ya kucheka kwa upande mmoja wa mdomo, jicho moja likifumba. Mimi sicheki hivyo. Baba yake hacheki hivyo. Juzi alicheka akiwa mlangoni, nikaacha kijiko ndani ya sufuria nikabaki namtazama. Wewe umekaa na Baba maisha yako yote. Niambie, Mama, ndivyo alivyokuwa akicheka?

Mkweo mwenye kukupenda,
Tusekile, mama Lusajo